Matofali ya Chokaa

Henriette alimbonyeza Kabedi juu ya kifundo cha mguu, akangoja kidogo, akaondoa kidole gumba. Shimo likabaki. Walilitazama wote wawili, mkunga na mwenye mguu, na shimo lenyewe halikuwa na haraka.

"Chumvi uliacha?" Henriette aliuliza.

"Niliacha, mama. Juma mbili sasa. Siweki hata kidogo mu chungu."

"Na bukari unakulaka na nini?"

"Na makayabu."

Henriette alifumba macho. Jibu hilo alikuwa amelisikia mara nne tangu asubuhi, na foleni ya wajawazito bado ilifika mlangoni pa hospitali. Makayabu ni samaki aliyelazwa ndani ya chumvi mpaka akawa mkavu kama ubao, na kampuni ya migodi iliwagawia watu wa kambi yake kila Jumamosi, pamoja na unga wa bukari, ugali wa huko, maharagwe na mafuta ya mawese. Lakini nani wa kumlaumu Kabedi? Chumvi ni ile nyeupe ya kwenye kikopo. Samaki ni samaki. Wewe ukikatazwa maji, si utaendelea kula machungwa?

"Ile makayabu ni chumvi yenyewe, mama," Henriette alisema polepole, kama mtu anayejua kwamba kesho atayarudia maneno yale yale. "Kula maharagi. Kula majani ya sombe. Na ulale kwa ubavu ya kushoto. Upande ya miguu, chini ya kitanda, muweke matofali mbili, miguu ikuwe juu. Tena sikia. Kama kichwa inauma sana, ao unaona nyota mu macho, usingoye kesho. Usingoye hata bukari iive. Unakuya saa ile ile."

"Nyota ya namna gani?"

"Utaijua tu."

Kabedi akateremka kitandani, mimba ya miezi minane mbele yake. Alivaa ndara za mumewe, maana viatu vyake vilikwisha kumkataa tangu mwezi uliopita, akarudi nyumbani akiburuta miguu kwenye vumbi jekundu la Kolwezi. Mvua za Novemba zilikuwa zimechelewa. Kila nyumba ya kumi alisimama akashika ua wa mtu, akajifanya anasalimia.

*

Nyumba ya Tharcisse Ngeleka ilikuwa sawa na nyumba zote za mstari ule: vyumba viwili, bati, namba mlangoni. Kilichoitofautisha ni njia ya kuingilia. Pande zote mbili za njia hiyo Tharcisse alikuwa amechimbia matofali, moja moja, yameinama kidogo yote upande mmoja, na kila Jumamosi aliyapaka chokaa. Yalikuwa thelathini na mawili. Watu wa kambi walimcheka, kisha wakaanza kuchimbia ya kwao.

Tharcisse alikuwa kalani wa magazini, karani wa ghala la kampuni. Mwaka ule, hamsini na nne, alikuwa ameomba karata, ile kadi ambayo Wabelgiji walimpa mtu mweusi waliyeona amestaarabika. Mwenye karata hakuchapwa fimbo. Usiku hakusimamishwa njiani akaulizwa anatoka wapi. Mtu asiyejua fimbo ataona karata ni karatasi tu, na mimi sina nguvu ya kubishana naye. Tharcisse fimbo aliijua. Sasa barua ilikuwa imefika: Alhamisi, saa kumi jioni, kamati itakuja kutazama nyumba, meza, choo, kitanda, na mke.

"Matofali mbili tu," Kabedi alisema jioni ile. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine.

"Ya wapi?"

"Ile ya pale mbele."

Tharcisse aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia uma. "Ya mbele hapana, mama. Ukitoa mbili kutabakia pengo, kama mu kinywa ya muzee. Kintu ya kwanza bataona ni pengo."

"Basi uniletee ya kwingine."

"Ya kwingine iko wapi? Matofali yote ya kambi iko mu kuta ao mu njia ya watu." Akachutama karibu naye, sauti akaishusha. "Siku tatu tu. Alhamisi ikipita, hata makumi mawili nitakupatia."

Kabedi aliitazama miguu yake. Siku tatu ni kidogo kwa anayetembea.

Palikuwa na jambo la viatu pia. Kambi nzima ilijua kwamba Barnabé, kalani mwenzake, alikataliwa karata mwaka uliopita kwa sababu mkewe aliwapokea wazungu bila viatu. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Lakini kila mtu alilisema. Kwa hiyo Tharcisse alikuwa amemnunulia Kabedi viatu vyeupe katika duka la Mgiriki, vya kufunga kisigino, tangu Pasaka. Usiku ule alivitoa kwenye sanduku, akapiga goti, akasukuma. Kabedi alishika meza. Vidole viliingia viwili, vingine vikabaki nje. Tharcisse akasukuma tena, akapaka mawese kidogo, akasukuma.

"Acha, Tata," Kabedi alisema, kwa lile neno lao la baba. "Ile haiko kiatu yangu tena."

*

Jumanne, baada ya kazi, Tharcisse alivipeleka viatu kwa Mwenze, fundi aliyeketi chini ya kibaraza sokoni. Mwenze alikuwa mtu wa Manono, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko misumari.

"Kupasua nyuma inawezekana," alisema, akikigeuza kiatu. "Nitakata kisigino, nitaweka kamba nyeupe ya kufunga. Ulete bibi nimupime."

"Bibi hawezi kutembea mpaka huku. Uende we kwetu."

Mwenze akakiweka kiatu chini. "Tata kalani, we ni mutu wa Kasai?"

"Ndiyo."

"Basi mi siendi. Muguu ya bibi ya mutu wa Kasai mi sigusi. Na mimba tena? Mutoto akipata kintu, mutasema ni mukono ya Mwenze. Nilisha kulipa mbuzi moja juu ya kiatu. Ile ilinitosha."

Alichokisema kilikuwa kweli. Waluba wa Kasai wana neno lake, tshibindi: mkono wa mwanamume mwingine ukigusa mwili wa mke wa mtu, na mke akanyamaza, nyumba ndiyo inayolipa, na mara nyingi anayelipa ni mtoto. Tharcisse alijua neno hilo kabla ya kujua kuandika jina lake.

"Ile ni mambo ya bankambo, ya wazee ya zamani," alisema. "Mi naomba karata."

"Omba, tata. Hakuna anayekukataza." Mwenze alikata uzi mrefu, akampa. "Lakini muguu pima weye mwenyewe. Funga fundo pale kwa vidole, ingine pale katikati, ingine pale kwa kifundo. Usivute sana."

Watu wawili waliokuwa wakingoja viatu vyao walicheka. Tharcisse aliuweka uzi mfukoni, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuwatazama.

*

Alimkuta Kabedi amelala. Akakaa pembeni mwa kitanda, akauweka mguu wa mkewe mapajani. Walikuwa wameoana miaka minne, na hakuwa amewahi kuushika mguu huo namna ile, katika mwanga wa mchana, bila haraka. Ulikuwa mzito na wa moto. Ngozi ilivutika mpaka ikang'aa.

Akazungusha uzi vidoleni, akafunga fundo. Akauzungusha katikati. Alipoufungua, uzi ulikuwa umeacha mfereji kuzunguka mguu mzima. Alingoja mfereji ujae. Haukujaa. Basi akaweka kidole gumba juu ya kifundo, akabonyeza.

"Inauma?"

"Haiumi. Ile ndiyo mubaya, haiumi."

Aliondoa kidole. Shimo lilikaa pale, na angeweza kutia maharagwe mawili ndani yake.

"Iko hivi tangu wakati gani?"

"Tangu mwezi wa kumi."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unapaka chokaa."

Tharcisse aliukunja uzi. Nje, Mianda, jirani yao, alikuwa akitwanga, na mchi wake ulisikika wazi. Kabedi akasema, macho yakiwa darini, "Ile mutoto ya kwanza, ile tulizika, vilevile ilianza na miguu."

Ningependa kusema kwamba hapo Tharcisse aliinuka akaenda kung'oa matofali. Hakung'oa. Alikunja koti lake la kazini, akalisukuma chini ya godoro upande wa miguu, akasema, "Jaribu hii kwanza." Kisha akaupeleka uzi kwa Mwenze kabla giza halijaingia. Mwenze aliunyosha kwenye goti lake, akayatazama mafundo kwa muda. "Mafundo iko sawa kweli?" aliuliza. Tharcisse akasema iko sawa. Fundi akakata kamba nyeupe ndefu zaidi. Kufika asubuhi koti lilikuwa bapa kama chapati, na Tharcisse akalivaa likiwa na mikunjo, akaenda kazini.

*

Alhamisi alipewa ruhusa ya kutoka saa nane. Mianda alikuja kumsaidia Kabedi kuvaa. Viatu viliingia, kwa kuwa nyuma havikuwa viatu tena bali kamba, na mbele vilibana vile vile. Tharcisse alitandika kitambaa cha meza, akapanga vikombe, akanyoosha tai yake. Akamweka Kabedi kwenye kiti kinachotazama mlango.

"Sema tena ile Kifaransa ya kubakaribisha."

"Bonzuru, Musye. Suaye le bienvenu."

"Monsieur."

"Musye."

"Iko sawa. Ukisikia motokari, unasimama. Wasikukute umekaa."

Saa kumi ikafika. Saa kumi na nusu. Kahawa ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa. Kila gari lililopita Kabedi alisimama, akishika meza kwa mikono miwili, na gari likapita, akakaa. Mara ya nne Mianda alisema, "Tata Ngeleka, huyu mutu aende kulala."

"Wanakuya sasa."

"Kichwa inamuuma tangu asubuhi."

Tharcisse alimgeukia mkewe. "Kweli?"

"Kidogo," Kabedi alisema. Haikuwa kidogo. Ilikuwa kama mtu anamfunga kitambaa kichwani na kukaza, lakini alikuwa amekiona kile kitambaa cha meza kikifuliwa mara tatu juma lile, na alimhurumia mume wake. Ndivyo tulivyo. Mtu anazama, bado anaangalia asilowanishe wengine.

Ilipokuwa karibu saa kumi na moja gari lilisikika kwa kweli, likaingia mstari wao kutoka upande wa kantini. Tharcisse alichungulia. Jeusi, la serikali. Lilisimama nyumba ya kwanza kuuliza njia. Nyumba yao ilikuwa ya kumi na moja.

"Simama, mama. Ni bo, wazungu."

Kabedi hakusimama. "Tata," alisema, "kitambaa ya meza iko na nyota."

"Ile ni maua. Simama."

"Hapana. Na ukuta iko na nyota. Na weye, uso yako yote."

Gari liliguruma tena. Tharcisse alisimama kati ya mlango na kiti, na mimi najua alichokifikiria kwa sababu baadaye alimwambia kila aliyetaka kusikia, bila kujipamba: alifikiria kwamba ni dakika tano. Wazungu wangeingia, wangetazama, wangemwona mke na viatu, na baada ya dakika tano angempeleka. Dakika tano tu, baada ya miezi mingi ya kungoja. Alifungua kinywa amwambie hivyo. Kisha akayaona macho ya Kabedi yakimtafuta, na yeye alikuwa mbele yake.

Akapiga goti. Zile kamba nyeupe zilikuwa zimezama ndani ya nyama, hazikufunguka, akazikata kwa kisu cha mezani, kile cha maonyesho. Viatu akaviacha katikati ya chumba, akavaa kofia kwa mazoea.

"Mianda, unishikie kinga."

Walimpandisha Kabedi kwenye kiti cha nyuma cha kinga, ile baiskeli ya Tharcisse, ameketi upande, amefumba macho. Tharcisse akaisukuma akitembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mgongoni mwa mkewe, akapita katikati ya matofali yake meupe akatokea barabarani. Gari likawa mbele yake. Likasimama. Mzungu mwenye faili akashusha kioo, na karibu naye aliketi madamu mwenye kofia ya majani makavu.

"Ngeleka? Si tuliandika saa kumi?"

Saa kumi ilikuwa imepita kwa karibu saa nzima, na waliochelewa ni wao. Tharcisse hakulisema hilo.

"Nyumba iko wazi, Monsieur. Kahawa iko mezani. Muingie."

"Na bibi?"

"Bibi ni huyu."

Madamu alitazama miguu ile miwili iliyoning'inia, mitupu, yenye alama za kamba. Mzungu alitazama faili. Watu walikuwa wametoka milangoni, mstari mzima, na kila mmoja aliona kwamba Tharcisse Ngeleka, aliyewavulia wazungu kofia hata akiwa upande wa pili wa barabara, hakuivua. Mikono yake ilikuwa na kazi. Akasukuma, akapita.

*

"Ameona nyota tangu saa ngapi?" Henriette aliuliza.

"Sasa hivi," Tharcisse alijibu, pumzi zikimkatika.

"Na kichwa?"

Tharcisse alimgeukia mkewe. "Tangu asubuhi," Kabedi alisema kutoka kitandani.

Henriette alimtazama Tharcisse, kisha akaitazama tai yake. Hakumtukana, na ingekuwa heri angemtukana. "Kaa kule inje," alisema.

Alikaa nje, kwenye simenti, mgongo ukutani. Daktari alikuja, akaingia, akatoka. Wakamweka Kabedi katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa, wakamchoma sindano, wakakataza kelele. Tharcisse aliogopa. Aliogopa mpaka karata ikatoka kichwani kabisa, na ilipotaka kurudi aliifukuza. Ijumaa hakwenda kazini. Jumamosi, wakati wenzake wanapanga foleni ya posho, mtoto alizaliwa, wa kike, mdogo kiasi cha kumlaza kwenye mkono mmoja, na akalia. Kabedi alikuwa hai. Henriette alitoka akiwa amechoka, akamwambia hivyo kwa maneno machache, na Tharcisse akalia pale pale mbele ya wanawake wa foleni.

Mianda alikuja na uji na habari. Wazungu waliingia, alisema. Walitazama choo. Walifungua kabati, walihesabu uma. "Na ile madamu aliokota kiatu moya ya bibi yako, akaona ile mahali ilipasuliwa. Akatafuta ya pili. Akaiweka yote mbili pamoja, muzuri, chini ya kiti."

*

Barnabé alikuja hospitali kumwona mtoto, ambaye walikuwa wamempa jina la Ntumba. Alileta kuku. Tharcisse, akiwa bado na mambo hayo kifuani, alimuuliza kwa upole kama ni kweli mkewe aliwapokea wazungu bila viatu.

Barnabé alimshangaa. "Bibi yangu? Siku ile bibi alikuwa Kasaji kwa mama yake. Hawakumuona hata kidogo."

"Basi walikukatalia nini?"

"Sijui, ndugu. Karatasi haikusema."

Tharcisse alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha akamwomba Barnabé amshikie mtoto, akatoka, akashika njia ya nyumbani.

Siku ya kumi na mbili walimruhusu Kabedi kurudi. Miguu ilikuwa imepungua lakini haijaisha. Henriette alimwambia alale kama mwanzo, na makayabu asiyaone hata kwa macho. Alipofika mbele ya nyumba alisimama. Upande wa kushoto, karibu kabisa na barabara, pale ambapo kila mpita njia angepaona, palikuwa na mashimo mawili matupu.

"Bameiba matofali?"

"Hapana," Tharcisse alisema. "Ingia."

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa miguu, na chini ya kila mguu wa kitanda tofali moja, jeupe, bado lina udongo upande mmoja. Kabedi alilala. Tharcisse alimwekea Ntumba ubavuni.

Barua ilifika juma lililofuata. Mke hakuonekana, ombi limeahirishwa, kamati itapita tena Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi kapita wa kambi, Tshimanga, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua nyumba na kuandika majina, alisimama barabarani na kijitabu chake.

"Ngeleka. Ile pengo."

Tharcisse alikuwa amechutama na ndoo ya chokaa na brashi. "Naiona, tata."

"Wazungu banapita Jumatatu. Rudisha matofali."

"Ngoya kwanza."

Aliweka brashi juu ya ndoo, akajifuta mkono kwenye suruali, akaingia ndani. Kabedi alikuwa akinyonyesha. Tharcisse alimbonyeza juu ya kifundo cha mguu, akangoja kidogo, akaondoa kidole. Shimo lilikuwa dogo sasa, la kina cha ukucha. Lakini lilikuwepo, na doa la chokaa katikati yake. Akatoka.

"Bado," alimwambia Tshimanga.

"Bado nini?"

"Bado iko mu kazi."

Tshimanga alilamba ncha ya kalamu. Akaandika kitu kijitabuni akaenda zake nyumba ya kumi na mbili. Tharcisse alichovya brashi. Akapaka tofali la kwanza, la pili, la tatu, taratibu, kama kila Jumamosi. Alipofika kwenye pengo aliliruka, akaendelea na tofali lililofuata.